Kadi, Jina na Mkutubi: Juu ya Kuyatafuta Maandishi ya Kiswahili cha Ukanda wa Shaba

Imekuwa desturi siku hizi kwamba mwanafunzi wa Kolwezi akipewa mada ya utafiti huanzia kwenye simu yake. Huandika maneno mawili au matatu, husubiri mtandao uitike, kisha humrudia mwalimu wake na kumwarifu kuwa juu ya Kiswahili cha kwetu hakuna kilichoandikwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo si sahihi. Maandishi yapo, ingawa si mengi kama tungependa. Kutoonekana kwake kunatokana kwa sehemu kubwa na historia: historia ya majina ya mahali, ya majina ya lugha yenyewe, na ya vyuo vilivyoyahifadhi. Mashine ya kutafutia haikufunzwa historia hiyo. Mkutubi aliyekaa na vitabu kwa miaka mingi anaijua, hata kama hajawahi kuiandika popote.

Tuanze na majina. Mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville uliitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966. Mwaka huohuo Jadotville ikawa Likasi. Katanga iliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997, wakati nchi ilipoitwa Zaire, kisha ikarudia jina lake la zamani, na mwaka 2015 ikagawanywa katika majimbo manne, mojawapo likiwa Lualaba. Hata hilo la Lualaba si jina jipya. Lilikuwa jina la jimbo kati ya mwaka 1963 na 1966, baada ya kushindwa kwa Katanga iliyotaka kujitenga, na wasomaji wengi wa umri wangu hushangaa wanapoligundua kwenye jalada la waraka wa kale. Kampuni nayo haikutulia: Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilinyang'anywa migodi yake siku ya kwanza ya mwaka 1967, na shirika la serikali lililoirithi likabadilishiwa jina zaidi ya mara moja kabla ya kuitwa Gécamines. Mzee aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1960, asiyewahi kuihama nyumba ya baba yake, ameishi katika majimbo mengi kuliko msafiri.

Kila badiliko la jina liliacha alama katika katalogi. Kitabu kilichochapwa mwaka 1950 kiliwekewa kadi yenye neno Elisabethville. Kilichochapwa mwaka 1980 kiliwekewa neno Shaba. Cha mwaka 2000, Katanga. Kadi za zamani hazikuandikwa upya kila mara serikali ilipobadili jina, kwa sababu hakuna mkutubi mwenye mikono ya kutosha kwa kazi hiyo. Katalogi za kompyuta zilipoundwa, mara nyingi zilinakili kadi kama zilivyokuwa. Basi anayeandika «Lualaba» katika kisanduku cha kutafutia hupata yaliyoandikwa baada ya mwaka 2015, pamoja na habari nyingi za mto wenye jina hilo, na huyakosa karibu yote yaliyotangulia. Akiandika «Kolwezi» atajibiwa kwa vita vya Mei 1978, askari wa miamvuli wa Ufaransa, kisha kobalti, kisha tena kobalti. Akiandika «shaba» ataletewa bei ya madini.

Lugha yenyewe ilipata misukosuko kama hiyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alieleza jinsi Kiswahili kilivyotwaliwa na watawala, wamisionari na makampuni katika Kongo ya Wabelgiji kati ya mwaka 1880 na 1938. Miongoni mwa matokeo ya utwaliwaji huo ni wingi wa majina. Vitabu vya wamisionari husema «Kingwana». Edgar Polomé, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Elisabethville, aliandika mwaka 1968 juu ya «Kiswahili cha Lubumbashi», kwa Kiingereza. Walter Schicho alitoa sintaksia ya Kiswahili hichohicho mwaka 1982, kwa Kijerumani. Fabian alipendelea kusema «Kiswahili cha Shaba». Vincent de Rooij, aliyechunguza uchanganyaji wa Kifaransa na Kiswahili katika mazungumzo ya watu wa Lubumbashi, alichapisha tasnifu yake Amsterdam mwaka 1996, kwa Kiingereza tena. Msomaji anayetaka kuzikusanya kazi hizi anapaswa kujua kwamba zote zinazungumzia kitu kimoja, na kwamba kitu hicho ni usemi wa nyumbani kwake. Hakuna neno moja litakaloziita zote pamoja.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote, ambao ningependa tuutazame kwa utulivu, ni ule wa maandishi ya André Yav.

Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mitaa ya Elisabethville kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kisichozidi kurasa thelathini na ushei. Aliyekiandaa ni André Yav. Ndani yake zimesimuliwa habari za kufika kwa Wazungu, kuanzishwa kwa mji, kazi za migodi na za majumbani, mishahara, adhabu na vifo. Humo pia mna zile habari za kutisha za mitumbula, watu waliosadikiwa kuwawinda Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Ni historia ya mji iliyoandikwa na watu waliopika chakula chake na kufua nguo zake. Iliandikwa kwa Kiswahili kile wanachokisema, wala haikuandikwa kwa ajili ya profesa yeyote. Kwa maoni yangu hakuna waraka mwingine wa Kiswahili kutoka ukanda wa shaba unaolingana nao kwa thamani.

Sasa tazama jina lake. Waliuita «Vocabulaire», yaani msamiati wa mji wa Elisabethville. Mkutubi asiyeufungua, au mashine isiyoweza kuufungua, ataupeleka kwenye kamusi. Kwa utaratibu wa Dewey, Kiswahili kina namba 496.392, na historia ya nchi yetu ina namba 967.51, kati ya namba hizo mbili, katika maktaba yoyote kubwa, kuna vyumba kadhaa. Mwanahistoria hapiti kwenye rafu za kamusi. Mwanaisimu anayepita huko, akiona kijitabu chembamba chenye jina hilo, atadhani ni orodha ya maneno ya kuwafundishia wageni, kwa kuwa orodha kama hizo zilikuwa nyingi wakati wa ukoloni. Waandishi wake walikuwa na sababu zao za kuchagua neno hilo, na wataalamu wamelijadili. Kwa kazi ya katalogi, hata hivyo, ni jina lenye kupoteza.

Yapo na mengine. Aliyepiga taipu hakufuata tahajia ya Kiswahili sanifu. Maneno yaliunganishwa pasipotarajiwa na kutenganishwa pasipotarajiwa, Kifaransa kikaingia kwa sauti ya Kiswahili, na alama za kituo hazikufuata kanuni za shuleni. Fabian alipoushughulikia waraka huo, haikutosha kuusoma kwa macho. Kalundi Mango, mjuzi wa Kiswahili cha hapa tangu utoto, aliusoma kwa sauti mbele ya kinasa sauti, na usomaji huo ndio uliofungua sentensi zilizokuwa zimefungamana kwenye karatasi. Toleo lililochapwa mwaka 1990 na nyumba ya John Benjamins, lenye jina la kusema kwamba hii ni historia kutoka chini, lilitokana na kazi hiyo ya pamoja, likiwa na maelezo ya kiisimu ya Schicho. Mwaka 2001 maandishi hayo yaliwekwa kwenye intaneti pia, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian na de Rooij huko Amsterdam. Leo kila mwenye simu anaweza kuyafikia bure.

Je, anayafikia? Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa pili, darasa baada ya darasa, na mikono inayoinuliwa ni michache. Sababu moja ni ya kiisimu. Programu ya kutafutia hulinganisha herufi na herufi, na hata zile za kisasa zinazojaribu kulinganisha maana zimefunzwa kwa maandishi ya Tanzania na Kenya kuliko ya kwetu. Mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu huandika «watu», «vitu», «watoto», «Wazungu». Maandishi anayoyatafuta yana «batu», «bintu», «batoto», «bazungu». Huandika «kufanya kazi» pale ambapo mzee wa Lubumbashi alisema «kutumika». Kwa bidii yake ya kuandika vizuri anajifungia mlango wa maandishi ya babu yake. Huo, kama itaruhusiwa kusema hivyo katika jarida la wanaisimu, ni mzaha mkali wa usanifishaji.

Mfano wa pili ni wa Kolwezi hasa. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekuja Kongo mwaka 1933 na ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilichapwa Elisabethville mwaka 1945, alikuja Kolwezi mwaka 1953, akahudumia kambi ya wafanyakazi ya Musonoi. Huko ndiko ilikozaliwa Jamaa, chama cha waumini wa Katoliki, wengi wao wachimbaji pamoja na wake zao, kilichoenea Katanga na Kasai. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafariki mwaka 1977 kwao Ubelgiji, lakini mafundisho yake yaliendelea kutolewa kwa Kiswahili cha kambi, kwa mdomo, kutoka nyumba hadi nyumba. Fabian aliyachunguza katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1971. Willy De Craemer alichapisha kingine mwaka 1977, juu ya uhusiano wa Jamaa na Kanisa.

Andika neno «Jamaa» popote katika intaneti. Utapata habari za jamaa fulani aliyekamatwa, za jamaa na marafiki waliohudhuria mazishi, na, kwa kuwa herufi zinafanana, utapata Ujamaa wa Tanzania na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hata ukiongeza neno Kolwezi, vita na kobalti vinarudi. Mwanafunzi asiyejua jina la Tempels hana njia ya kulifikia jambo lililozaliwa mtaani kwake. Akilijua, mlango unafunguka mara moja. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni jina moja la mtu, na jina hilo hutolewa na mtu.

Hapa ndipo tunapomkuta mkutubi. Kazi yake ya kumsaidia msomaji kwa maswali na majibu si ya kale kama watu wanavyofikiri. Kwa muda mrefu mlinzi wa maktaba alikuwa mlinzi kweli: aliangalia kitabu kisiibiwe. Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa Worcester katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alisoma mbele ya wenzake makala yaliyotetea jambo lililoonekana geni, kwamba mkutubi ashuke kwa wasomaji, azungumze nao kwa upole, afahamu wanachokitaka, na awaonyeshe kilipo. Alikuwa akiwafikiria wasomaji wa kawaida wa mji, wasiozoea vitabu na wenye haya ya kuuliza. Mwaka 1931, huko Madras, S. R. Ranganathan alitoa kanuni zake tano za ukutubi, mojawapo ikidai kwamba msomaji apunguziwe muda anaopoteza. Wote wawili waliona kuwa swali analolileta msomaji mezani kwa nadra huwa ndilo swali lake.

Tuchukue mfano wa mazungumzo ya namna hiyo kama yanavyoweza kutokea katika maktaba ya kwetu. Mwanafunzi anafika na kusema: «Papa, niko natafuta kitabu ya Swahili.» Mkutubi mzee hamwendei rafuni. Anamwuliza: «Swahili ya kufundisha bazungu, ao yenye bazungu baliandika juu yetu, ao ya batu benyewe?» Katika swali hilo moja umo uainishaji wa fasihi nzima ya Kiswahili cha ukanda huu: vitabu vya mafunzo vya wakati wa ukoloni, tafiti za wataalamu wa kigeni, na maandishi ya wenyeji. Sijaona programu iliyouliza hivyo. Programu hujibu, haina desturi ya kusita na kumwuliza msomaji ana maana gani.

Ni kweli kwamba wakutubi wetu hawafanani, na si haki kuwapamba wote. Wapo wanaochukia kusumbuliwa. Wapo waliowekwa kwenye meza ya maktaba kwa sababu hapakuwa na meza nyingine. Ni kweli pia kwamba rafu katika maktaba zetu nyingi zimefungwa kwa msomaji, hivyo kuandika kikaratasi na kumkabidhi mtu si hiari. Lakini ulazima huo una faida yake isiyokusudiwa. Anayeleta kikaratasi hulazimika kusema na mtu, na mtu huyo, akiona kilichoandikwa, huweza kusema kuwa cha jirani yake kingekufaa zaidi. Mwanafunzi wa siku hizi huuona usemi huo kama mtihani. Huogopa kuonekana hajui, ilhali mbele ya simu hakuna anayemwona. Haya hiyo ndiyo inayotugharimu kuliko ukosefu wa umeme.

Juu ya intaneti yenyewe sina ugomvi. Bila hiyo, maandishi ya Yav yangekuwa yamefungiwa katika kitabu ambacho mshahara wa asistenti hauwezi kukinunua. Masimulizi ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, ambaye mwaka 1973 na 1974 aliichora historia ya Zaire na kuieleza kwa Kiswahili, yanasomeka katika hifadhi hiyohiyo ya Amsterdam, wakati picha zake ziko katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023, mbali na sisi. Hilo ni jambo la kushukuru. Ninachosema ni kwamba kuwekwa mahali si sawa na kupatikana.

Kuna jambo jipya linalostahili tahadhari zaidi. Zimetokea programu zinazoandika majibu kama mtu anayeongea, na wanafunzi wamezizoea upesi. Ukiziomba orodha ya vitabu juu ya Kiswahili cha Katanga, zinaweza kukupa orodha safi kabisa: jina la mwandishi wa kweli, mchapishaji wa kweli, mwaka unaowezekana, na kitabu ambacho hakijapata kuandikwa. Kosa la aina hii ni baya kuliko ukimya, kwa sababu ukimya humfanya mtu aendelee kutafuta. Mwanafunzi huingiza jina hilo katika marejeo ya tasnifu, mwalimu mwenye haraka halichunguzi, na baada ya miaka miwili tasnifu nyingine inalinakili kutoka kwenye ile ya kwanza. Anayeweza kuikata nyuzi hiyo ni mtu anayejua kinachokuwapo na kisichokuwapo, yaani yule aliye mezani.

Pwani walibahatika mapema. J. W. T. Allen aliorodhesha miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ikachapwa Leiden mwaka 1970. Tangu hapo mtafiti wa tenzi anajua pa kuanzia. Kwa maandishi ya ukanda wa shaba, kazi ya kiasi hicho haijatufikia mikononi. Tunayo vipande: gazeti la Mwana Shaba, lililochapwa na kampuni tangu mwaka 1957 na ambalo katalogi huliweka pamoja na taarifa za uchimbaji, katekisimu na vitabu vya nyimbo, barua na madaftari ya Jamaa, karatasi za Union Minière zilizoko Brussels katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji.

Na tunazo tasnifu zetu wenyewe. Hizi ndizo zinazoniumiza moyo zaidi. Tangu vyuo vikuu vitatu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya fasihi na lugha yakakusanywa Lubumbashi, wanafunzi wa licence wameandika juu ya methali, nyimbo za wachimbaji, majina ya mitaa, lugha ya soko na ya mgodini. Nyingi zilitolewa kwa nakala chache za taipu, bila kuchapwa. Zile za kabla ya mwaka 1981 zina jina la chuo cha taifa. Za baada ya hapo zina jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na anayetafuta kwa jina moja hulikosa fungu la pili. Kichwa cha habari ni cha Kifaransa, na mifano ya ndani ni ya Kiswahili. Intaneti haizijui kwa sababu hakuna aliyeipa. Anayejua kwamba tasnifu fulani ya nyimbo za mgodini iko kwenye rundo la chini, nyuma ya majarida, kwa kuwa rafu yake ilivunjika, ni mtu mmoja, na mtu huyo anakaribia kustaafu.

Kwa hiyo pendekezo la makala haya ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila meza ya mkutubi iwe na daftari lenye safu nne: swali kama lilivyoulizwa na msomaji, swali kama lilivyoeleweka baada ya mazungumzo, majina yote yaliyojaribiwa, ya zamani na ya sasa, na mahali kitabu kilipopatikana. Safu ya tatu ijazwe kwa uangalifu kuliko nyingine. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa idara ya Kiswahili wanaweza kulishika kwa zamu, saa mbili kwa juma, wakikaa karibu na mkutubi badala ya kukaa uani wakisubiri mtandao, na mwisho wa mwaka daftari linakiliwe kwenye kompyuta likiwa na tahajia zake zote, «batu» na «watu» pamoja.